Lucca: Ukuta Uliosubiri Vita Visivyokuja

Treni ya mkoa inayotoka Florence kwenda Lucca haina haraka na mtu. Inasimama Prato, inasimama Pistoia, inasimama Montecatini, Pescia na Altopascio, inashusha wanafunzi na kupakia kina mama wenye mikoba ya sokoni, na ikifika imeshakula karibu saa moja na nusu. Watalii wengi hawaipandi. Hubaki Florence wakipigwa na jua kwenye foleni za makumbusho, au hupitiliza hadi Pisa wakapigwe picha wakijifanya wanauzuia ule mnara ulioinama usianguke. Lucca iko nusu saa tu kutoka Pisa. Anayetaka kushinda siku nzima mjini bila kusukumana hapati mji mzuri zaidi ya huu katika pande zile za Toscana.

Ukitoka stesheni unavuka barabara, na mbele yako huoni mji. Unaona nyasi, uwanja mpana uliozunguka kote, na nyuma ya nyasi ukuta wa matofali mekundu, mnene, wenye mteremko, na juu yake safu ya miti mikubwa. Minara ya makanisa inachungulia juu ya miti. Ukikaza macho utawaona watu wakipita juu ya ukuta kwa baiskeli, wengine wakisukuma vigari vya watoto. Njia ya miguu inakata zile nyasi, inavuka mahali palipokuwa na handaki, halafu inakuingiza tumboni mwa ukuta wenyewe, katika buruji inayoitwa San Colombano. Humo mna ujia wa matofali wenye dari la duara, ubaridi, na harufu ya udongo uliolowa. Ujia huo ulichimbwa ili siku adui akiuzingira mji, askari watoke kimyakimya usiku wakamvamie kambini kwake. Tangu ujengwe, hakuna askari aliyewahi kuutumia kwa kazi hiyo.

Hicho ndicho kisa cha Lucca. Mji huu ulitumia karibu karne moja na nusu, tangu 1504 hadi 1648, kujenga ukuta ambao hakuna jeshi lililowahi kuushambulia. Mzunguko wake ni zaidi ya kilomita 4. Kimo chake ni mita 12, na upana wa kitako chake unafika mita 30. Una buruji 11. Ulipokamilika ulijazwa mizinga zaidi ya 100. Kisha watu wakakaa kusubiri.

Kujua kwa nini walijisumbua hivyo, turudi kidogo nyuma. Mwaka 1494 Mfalme Charles wa 8 wa Ufaransa aliingia Italia na jeshi kubwa lililokokota mizinga ya shaba nyeusi, mizinga inayohamishika upesi na kupiga risasi za chuma. Kuta za zamani zilikuwa ndefu na nyembamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia watu wenye ngazi na mishale. Mbele ya mizinga hiyo zikawa hazifai kitu. Kadiri ukuta ulivyokuwa mrefu ndivyo ulivyokuwa shabaha rahisi. Mafundi wa Italia wakageuza hesabu. Waliufupisha ukuta, wakaunenepesha, wakaujaza udongo ndani ili risasi ikizama izimie humo humo. Halafu wakatokeza kwenye kona zake buruji zenye pembe kali, kila moja ikiwa na mizinga ya kulinda ubavu wa mwenzake. Adui akikaribia sehemu yoyote ya ukuta, anapigwa kutoka pande mbili. Hakuna kona ya kujibanza.

Mtu wa Mombasa akisoma maelezo hayo atasema mbona naijua ngome ya namna hii. Anaijua kweli. Fort Jesus ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, fundi Mwitalia aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Hispania na Ureno, na ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Mwaka huo huo wa 1593 ndipo Lucca ilipokamilisha lango la Santa Maria, upande wa kaskazini wa ukuta wake. Elimu ni moja, pembe ni zile zile. Kilichotofautiana ni majaaliwa. Fort Jesus ilitekwa mwaka 1631 na Sultani Yusuf bin Hasan, ikazingirwa tena na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na waliokufa humo kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa upanga. Lucca, mji uliokuwa na ukuta mkubwa mara nyingi zaidi, haukumwaga damu hata kidogo juu yake.

Nani basi aliyekuwa akiogopwa? Jirani. Lucca ilikuwa jamhuri ndogo iliyobanwa na majirani wenye uchu: kwanza Pisa, halafu Florence. Baada ya mwaka 1328, alipofariki mtawala wake shujaa Castruccio Castracani (ambaye Machiavelli alimwandikia kitabu karibu miaka 200 baadaye), mji ulipita mikononi mwa mabwana kama bidhaa. Mgenoa aliununua, mfalme wa Bohemia akauchukua, watu wa Parma, watu wa Verona, kisha Florence, na mwisho Pisa ikaunyakua mwaka 1342. Ulijikomboa mwaka 1369 kwa hati ya Kaisari Charles wa 4, na hati yenyewe haikutolewa bure. Wafanyabiashara wa hariri walifungua mifuko wakalipa kwa dhahabu. Tangu hapo Lucca ilikuwa na desturi yake ya kisiasa, nayo ni kulipa kabla ya kupigana. Kaisari akipita alipewa zawadi. Jenerali akikaribia alipewa zawadi nzuri zaidi. Wako wanaoiona desturi hiyo kuwa ni woga. Mimi naiona ni akili, maana Siena, iliyokuwa kubwa na yenye kiburi kuliko Lucca, ilichagua kupigana, ikazingirwa, ikashindwa na njaa na kupoteza uhuru wake mwaka 1555. Lucca ilidumu kuwa jamhuri mpaka mwisho wa karne ya 18.

Lakini hata mlipaji mzuri huweka kufuli mlangoni. Baada ya yale ya Siena kazi ya ukuta ilipamba moto. Wakulima wa vijiji vya jirani waliitwa kwa zamu kuchimba na kubeba udongo. Nyumba na miti iliyokuwa nje, karibu na ukuta, vilifyekwa ili adui asipate kivuli wala maficho. Zile nyasi unazozivuka ukitoka stesheni ni mabaki ya amri hiyo ya kijeshi, wala si hisani ya halmashauri kwa wapenda bustani.

Juu ya malango yake mji ulichonga neno moja, LIBERTAS, uhuru. Mgeni alilisoma, akasalimisha silaha zake kwa walinzi, ndipo akaingia. Uhuru huo ulikuwa na wenyewe. Mwaka 1531 wafumaji wa hariri, waliopunjwa ujira na wenye karakana, waliinuka dhidi ya watawala. Waliitwa Straccioni, watu wa matambara, na bendera yao ilikuwa kitambaa cheusi kilichochanika. Walizimwa mwaka uliofuata, na mwaka 1556 sheria mpya ilihakikisha kwamba vyeo vya serikali vinabaki katika mzunguko wa familia zile zile. Kwa hiyo ukuta ulimzuia mtu wa Florence asiingie, na pia uliwasaidia matajiri wa Lucca kufahamu nani anatoka na nani anaingia baada ya jua kuzama.

Ukitaka kuuona vizuri, kodi baiskeli. Maduka ya kukodisha yako karibu na malango, na mzunguko mmoja wa polepole hauzidi nusu saa, ukijumlisha na kusimama kutazama. Kwa miguu ni saa moja au zaidi. Ushauri wangu ni kwenda kwa miguu asubuhi, kabla joto halijakaza. Upande wako mmoja unaona vichochoro, bustani za majumba ya kitajiri na nguo zilizoanikwa madirishani. Upande wa pili nyasi, na mbali kabisa milima. Wazee wamekaa mabenchini wanabishana. Kwenye buruji pana watoto wanacheza mpira mahali palipopangwa mizinga.

Mizinga ilikwenda wapi? Waaustria waliibeba mwaka 1799, katika vurumai za vita vya Wafaransa. Ukuta uliosubiri tangu enzi za Medici, watawala wa Florence, haukufyatua hata mzinga mmoja wa kujilinda, na Wafaransa walikuwa wameingia mjini kwa miguu yao, malango yakiwa wazi.

Adui wa kweli wa Lucca alikuwa Mto Serchio, unaoshuka milimani kaskazini na kupita karibu na mji. Na hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1430 jeshi la Florence lilikuwa limeuzingira mji, na mafundi wake, akiwemo Filippo Brunelleschi, yule yule aliyekuwa akijenga kuba la kanisa kuu la Florence, wakaja na shauri: tuupindishe mto kwa tuta na mfereji, tuizunguke Lucca kwa maji hadi isalimu amri. Shauri lilipendeza kwenye karatasi. Tuta likajengwa. Usiku mmoja watu wa Lucca wakatoka, wakautoboa mfereji, na maji yakafuata mteremko wake mpaka kambini kwa watu wa Florence. Aliyejenga kuba kubwa kuliko yote ya wakati wake alishindwa na mto mdogo na watu wenye majembe. Waandishi wa maisha yake kwa kawaida hupita hapo haraka haraka.

Mto haukusahau. Mnamo Novemba 1812 Serchio ulivunja kingo, ukafurika bondeni kote, na kwa mara ya kwanza ukuta ukafanya kazi ya ukuta. Malango yalifungwa, mianya ikazibwa kwa mbao na magodoro, na mji ukabaki mkavu katikati ya ziwa. Wakati huo Lucca ilikuwa chini ya Elisa Bonaparte, dada yake Napoleon, aliyepewa mji huu na kaka yake mwaka 1805 (ndiyo maana riwaya ya Tolstoy kuhusu vita na amani, katika sentensi yake ya kwanza kabisa, inataja Lucca na Genoa kama mali ya ukoo wa Bonaparte). Watu wa Lucca husimulia kwamba siku ya mafuriko Elisa alikuwa nje, na kwa kuwa malango hayakuweza kufunguliwa, walilazimika kumpandisha mtawala wao juu ya ukuta kwa winchi. Iwe kweli au iwe nyongeza ya wasimulizi, ni adhabu nzuri kwa mwanamke aliyebomoa kanisa na nyumba za watu ili apate uwanja mkubwa mbele ya jumba lake. Uwanja huo bado upo na unaitwa Piazza Napoleone. Tumtendee haki pia: katika baraza lake Niccolò Paganini alipata kazi ya kupiga fidla.

Baada ya Napoleon kuanguka, Lucca ilipewa Maria Luisa wa ukoo wa Bourbon. Yeye na msanifu wake Lorenzo Nottolini ndio waliougeuza ukuta kuwa mahali pa matembezi, na Nottolini huyo huyo akaujengea mji mfereji wa maji safi unaopita juu ya matao zaidi ya 400 kutoka milima ya kusini. Mwaka 1847 mji ukaangukia Toscana, yaani mikononi mwa Florence, bila risasi kulia: mtoto wa Maria Luisa aliukabidhi tu. Italia ilipoungana, kuta za miji zikawa mali ya serikali, na miji mingi ikaona ni uchafu unaozuia maendeleo. Florence ilizibomoa zake tangu 1865 ili ipate barabara pana zilizostahili makao makuu ya taifa. Lucca ilifanya ilivyozoea: mwaka 1866 halmashauri ilitoa fedha ikaununua ukuta wake kutoka serikalini.

Mchana ukikaribia, teremka upande wa kaskazini uingie mjini, utafute Piazza dell'Anfiteatro. Unapita chini ya tao jembamba, ghafla nyumba zinakufungukia ukajikuta ndani ya duara lililovutwa, nyumba za rangi ya manjano zikiwa zimeshikana bega kwa bega pande zote. Hapo palikuwa na uwanja wa michezo wa Warumi, waliokaa Lucca tangu mwaka 180 KK. (Julius Caesar alikutana hapa mjini na Pompey na Crassus mwaka 56 KK kugawana madaraka, ndiye yule ambaye tamthilia yake ya Shakespeare Mwalimu Nyerere aliitia katika Kiswahili.) Dola la Roma lilipokufa, watu walichukua mawe ya uwanja kujengea makanisa, na wengine wakajenga nyumba juu ya mabaki ya viti vya watazamaji, wakifuata mzingo wake. Katikati palirundikana ghala la chumvi, gereza na vibanda, mpaka Nottolini alipopasafisha mnamo miaka ya 1830 pawe soko. Kabla hujaingia, zunguka kwa nje. Kwenye kuta za nyumba za watu utaona matao ya Kirumi yamezama katika matofali ya karne zilizofuata, na dirisha la chumba cha kulala limekatwa katikati yake. Ardhi ya uwanja wa asili iko kama mita 3 chini ya miguu yako.

Karibu na hapo liko kanisa la San Frediano, lenye mozaiki kubwa ya dhahabu usoni pake. Watalii huipiga picha hiyo mozaiki wakaondoka. Ingia ndani, upande wa kulia, ukamwone Zita.

Zita alizaliwa kijijini Monsagrati karibu mwaka 1212. Akiwa binti wa miaka 12 hivi aliletwa mjini kufanya kazi katika nyumba ya akina Fatinelli, matajiri waliofanya biashara ya nguo. Kwa lugha ya leo alikuwa hausigeli. Alifua, alipika, alilea watoto wa watu, akapigwa na kuonewa wivu na watumishi wenzake, na humo humo akazeeka, mpaka alipofariki mwaka 1272. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichukua mkate jikoni kuwapelekea maskini. Siku moja bwana wake alimsimamisha njiani na kumwamuru afungue aproni yake; akaifungua, na ndani mkawa na maua matupu. Watu wa Lucca walianza kumwita mtakatifu siku ile ile aliyokufa, ilhali Roma ilithibitisha heshima yake mwaka 1696 tu. Mshairi Dante hakusubiri. Katika Jehanamu yake alikwisha kuwatambulisha viongozi wa Lucca kama wazee wa Mtakatifu Zita, na akawatosa katika lami inayochemka kwa kosa la kula rushwa. Mji wenye mabenki yaliyomkopesha Mfalme Edward wa 1 wa Uingereza, wenye wafanyabiashara walioenea hadi Bruges na London, ukajulikana kwa mtu anayesoma kitabu hicho kwa jina la mfanyakazi wa ndani.

Mwili wake mdogo uliokauka umelazwa katika sanduku la kioo, amevalishwa gauni na taji la maua. Vidole vimekuwa vyeusi. Miguu imevikwa viatu vidogo. Wasiopenda kutazama maiti watanishukuru kwa kuwatahadharisha, lakini sijui mahali pengine Ulaya ambako yaya amelazwa kwa heshima ya malkia, huku waajiri wake wakikumbukwa kwa sababu yake tu.

Makanisa mengi hufungwa mchana, kwa hiyo hapo ndipo pa kula. Lucca ina tordelli, unga uliokunjwa nusu duara kama sambusa ndogo, ukajazwa nyama na kumwagiwa mchuzi wa nyama juu yake; mtu mmoja hamalizi sahani bila kulegeza mkanda. Mwenye haraka atanunua cecina, chapati nyembamba ya unga wa dengu iliyookwa kwenye sinia la shaba, ikatiwa pilipili manga. Wapwani hawatahitaji kufundishwa kula hiyo. Kitindamlo ni buccellato, mkate mtamu wenye zabibu kavu na anisi. Wenyeji hudai kwamba mgeni asiyeuonja ni sawa na ambaye hakufika Lucca.

Baada ya kula, kupanda mnara wa Guinigi ni toba inayofaa. Una ngazi zaidi ya 200 na kimo cha mita 44 hivi, na kileleni imepandwa miti hai ya mialoni. Zamani kila ukoo wenye jina Lucca ulikuwa na mnara wake, na urefu wa mnara ulikuwa ndio urefu wa jina. Akina Guinigi walikuwa matajiri wa hariri, na mmoja wao, Paolo, aliutawala mji peke yake tangu 1400 hadi 1430, mwaka ule wa mafuriko ya Brunelleschi, ambapo wenyeji walimpindua. Alifia gerezani Pavia. Jina lake limebaki kwa sababu ya mkewe.

Mkewe yumo katika kanisa kuu la San Martino. Kabla ya kumwona, simama ukumbini nje. Tao la kulia ni dogo kuliko mengine kwa kuwa mnara wa kengele ulikuwa umetangulia kujengwa, na mafundi hawakuona aibu kulibana. Nguzo ndogo za juu hazifanani hata mbili. Kwenye nguzo iliyo upande wa mnara kumechongwa mzingile, na mistari yake imelainika kwa vidole vya watu walioifuata karne baada ya karne, wengi wao mahujaji wa barabara ya Francigena waliokuwa wakielekea Roma.

Mahujaji hao walikuja kwa ajili ya Volto Santo, msalaba mkubwa wa mti wenye sura ya Yesu aliyevaa kanzu ndefu, macho wazi. Mapokeo yanasema ulichongwa na Nikodemo, ukavuka bahari katika jahazi lisilo na nahodha, na ng'ombe wasio na mchungaji wakauleta Lucca. William wa 2 wa Uingereza alikuwa akiapa kwa uso huo wa Lucca. Wataalamu wa sanaa kwa muda mrefu waliuona kuwa ni nakala ya karne ya 12 au 13, hadi mwaka 2020 vipimo vya kaboni vilipoonyesha kwamba mti na kitambaa chake ni vya mwishoni mwa karne ya 8 au katika karne ya 9. Ukatangazwa kuwa mmoja wa michongo ya mti mikongwe kabisa iliyosalia Ulaya. Nikodemo hakuhusika, lakini mapokeo yanayosema ulifika mwaka 742 hayakukosea kwa umbali ambao wasomi waliowacheka waumini walidhani.

Na Ilaria del Carretto, mke wa pili wa Paolo Guinigi, alikufa mwaka 1405 baada ya kujifungua, akiwa bado kijana. Jacopo della Quercia alimchonga katika marumaru amelala chali, kola ya gauni imefunika shingo hadi kidevuni, kilemba cha maua kichwani. Miguuni pake kuna mbwa mdogo aliyeinua kichwa kumtazama, na ukiinama utaona kwamba mikunjo ya gauni inapomfikia mbwa inapanda juu ya mgongo wake kidogo, kama nguo halisi ifanyavyo. Mumewe alipopinduliwa wenyeji walilivunja kaburi na kutawanya vipande vyake. Lilikusanywa tena baadaye. Ilaria mwenyewe hawakumgusa.

Kumhusu Puccini, mtunzi wa opera, nitasema machache, kwa kuwa mji mzima unamsema. Alizaliwa hapa mwaka 1858, babu zake walikuwa wapiga kinanda wa San Martino kizazi baada ya kizazi, na nyumba aliyozaliwa ni makumbusho. Sanamu yake ya shaba imekaa kitini uwanjani hapo mbele, mguu juu ya mguu, sigara mkononi. Anayependa opera ataingia. Asiyependa aende San Michele, kanisa lenye uso mrefu kuliko mwili wake, atafute kati ya vichwa vya mawe nyuso za Cavour na Garibaldi, ambazo warekebishaji wa karne ya 19 walizichomeka katikati ya wanyama wa karne ya 13.

Ukiweza kuchagua tarehe, ziko mbili. Aprili 27 ni siku ya Zita: mwili wake hutolewa na kuwekwa katikati ya kanisa, watu wakapita kuugusa, na nje mitaa inajaa wauza maua. Septemba 13 usiku ni Luminara: taa za umeme huzimwa katika njia za maandamano, mishumaa inawashwa madirishani na pembezoni mwa paa, na mji mzima unatembea kutoka San Frediano hadi San Martino. Kwa tarehe hiyo ya pili, weka nafasi ya kulala mapema. Treni ya mwisho ya Florence haisubiri maandamano yaishe.